Picha Iliyoonekana Vizuri

Picha ya kwanza niliyoiweka kwenye mwongozo wa kompyuta ilikuwa na uso wangu ndani yake. Niliipiga kwa simu, kioo cha kompyuta kikiwa kinatazamana na dirisha, na ukiikodolea macho, nyuma ya maneno "Ingia hapa" unaona kivuli cha mtu mwenye miwani, mdomo wazi. Nakala zilitoka mashineni, zikabanwa pini, zikapelekwa kwenye zahanati, mimi sijauona. Aliyeuona ni muuguzi mmoja wa delta. Aliniambia kwa simu, kwa sauti ya chini, kama unavyomwambia mtu kwamba zipu yake iko wazi.

Wakati huo nilikuwa naishi Kibiti, nimeajiriwa na mradi mmoja uliogawa kompyuta kwenye zahanati. Kazi yangu ilikuwa rahisi kuieleza. Zahanati ziache kuomba dawa kwa fomu za karatasi, ziombe kwa kompyuta, na mimi niandike kijitabu cha kuwaonyesha wauguzi wabonyeze wapi na wajaze nini. Mimi ni mtu wa Ngorongo, nimekulia kwenye mpunga, na kompyuta nilijifunza ukubwani. Waliniona nafaa kwa sababu najua watu na najua mashine. Hawakuniuliza kama nina subira, nami sikuwaambia kwamba sina.

Yule muuguzi alikuwa peke yake kwenye zahanati ya kijiji kilicho mbele ya Kiongoroni, upande wa bahari, ambako hakuna barabara na kila kitu kinafika kwa boti. Alitoka bara, Singida, akiwa msichana aliyemaliza chuo juzi, akapangiwa huko, akazoea. Nilipomfahamu alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Jumapili alisali kwa redio, kwa kuwa kijiji kizima ni Waislamu, na kijiji hicho hicho kilimwita nesi bila jina, kana kwamba duniani nesi ni mmoja. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita mwalimu, tangu zile siku mbili za mafunzo tulizowapa Kibiti, ambapo mimi nilisema sana na wao wakaandika sana.

Dawa ziliombwa mara moja kila miezi mitatu. Ombi likikosewa au likichelewa, zahanati inasubiri miezi mitatu mingine na kile kilichobaki kabatini. Kwa zahanati za kando ya lami huo ni usumbufu tu: mgonjwa anapanda pikipiki, anakwenda kituo kingine. Kwake yeye kituo kingine kilikuwa ng'ambo ya maji, na maji ya delta yana saa zake. Yakipwa, boti inakaa juu ya tope na mgonjwa wako anakaa ndani ya boti. Ile fomu, ambayo kwangu ilikuwa ukurasa mmoja kwenye kioo, kwake ndiyo ilikuwa kabati la dawa lenyewe. Hilo nilikuwa nalijua. Nalisema mapema ili nisije nikajitetea baadaye.

Mwongozo wa kwanza niliuandaa kwa siku chache, maana wakubwa walitaka kuuona mezani. Kitufe cha kupiga skrinshoti nilikuwa nakijua, lakini simu ilikuwa mkononi, na mkono una uvivu wake. Nilikipiga picha kioo kwa simu, nikazituma picha hizo kwenye kundi la kazini, nikazipakua upande wa pili zikiwa zimeshabanwa na simu na kupoteza ukali, nikazibandika kwenye kurasa. Iliyokuwa ndogo niliishika pembe nikaivuta mpaka ikajaa. Halafu nikaprinti nakala moja, nikaitolea kopi, na nakala hiyo ilipopotea mezani kwangu nikatoa kopi ya kopi. Kilichofika delta kilikuwa kurasa za moshi. Kulikuwa na visanduku, na ndani ya visanduku kulikuwa na kitu kama sisimizi waliokanyagwa. Mshale wangu mwekundu, kwa kuwa mashine ilikuwa ya wino mweusi, ulikuwa kijivu juu ya kijivu. Kitu pekee kilichosomeka bila shida ni namba yangu ya simu, niliyoiandika jaladani kwa tarakimu kubwa.

Wauguzi wakaitumia. Wengi walipiga mara moja moja. Yeye alipiga kila alipokaa mbele ya ile kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Picha ya nne hii, mimi naona ukungu. Kuna kisanduku. Ndani ya kisanduku pameandikwaje?"

"Pameandikwa 'Salio la mwanzo', mama."

"Salio. La. Mwanzo. Na chini yake?"

Kila neno alilirudia polepole, kikafuata kimya kidogo, halafu ndipo aulize la pili. Nilidhani ni uzito wa kuelewa. Nilimhurumia kidogo na nilijihurumia zaidi, kwa sababu simu zake zilinikuta kila mahali: nikiwa na tonge mkononi, nikiwa kwa kinyozi nusu ya kichwa kimenyolewa, nikiwa kwenye kikao ambacho kwa mara moja nilikuwa nasikilizwa. Na maswali yake yalikuwa na mikia. Hili salio ni la boksi zilizofungwa tu, au na hizi nilizozifungua? Mtoto aliyetapika kidonge nikampa kingine, nihesabu kimoja au viwili? Siku moja alifika kwenye safu ya mwisho ya fomu, ile ya kiasi kinachoombwa, akaniuliza aandike ngapi.

"Andika unachohitaji, mama," nilimwambia. "Wewe ndiye unayewajua wagonjwa wako."

Akarudia maneno hayo, neno moja moja, kwa mwendo wake uleule. Halafu akasema, "Basi kwa masika nitaomba mseto nyingi, usishangae." Mseto ni dawa ya malaria, na masika ya delta ni mbu, kwa hiyo sikushangaa. Nilisema sawa mama, sawa, sawa, mara tatu, kwa sauti ya mtu anayetazama saa. Mara mbili niliiacha simu yake ikalia mpaka ikachoka, na baadaye nikamwambia nilikuwa kikaoni. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi stendi, nakula korosho.

Aliyenionyesha ubaya wa picha zangu ni mama mwingine, mwenye duka la madaftari na uchapaji pale Kibiti. Familia yake ina asili ya Kihindi na iliuza nguo Utete tangu enzi za mababu, na Kiswahili chake cha pwani kinanishinda mimi. Nilimpelekea ule mwongozo aniongezee nakala. Akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaufunga.

"Wewe baba, umeniletea maiti, wataka nimfufue?"

"Labda ungeongeza wino, mama."

"Wino wangu hauna neno. Hii yako imekufa kabla haijafika hapa. Umeipiga kwa simu, ukaituma kwa simu, ukaivuta kama chapati. Hata pua yako imo. Mimi niprinti nini?"

Alinifundisha akiwa amesimama, huku akiwauzia watoto kalamu. Kompyuta ijipige picha yenyewe. Simu ikae mfukoni. Maneno yakiwa madogo, yakuze kwenye kioo kabla ya kupiga, maana picha ukishaipiga ndogo, kuivuta ni kuitawanya tu. Kata, ubakize sehemu unayoizungumzia, usimwonyeshe mtu nyumba nzima wakati unamtuma jikoni. Ihifadhi kwa ile aina ya faili isiyobana. Na kama unajua utachapa kwa wino mweusi, mshale wako uwe mweusi na mnene tangu mwanzo. Hakunitoza chochote kwa mafunzo hayo. Alinitoza aibu tu, na akaahidi kunisimulia kwa wateja wengine, ahadi aliyoitimiza.

Nikawa mtu wa picha. Kwa wiki kadhaa nilifika ofisini kabla ya wenzangu, nikafungua mfumo, nikaukuza mpaka herufi zikawa za mtoto wa darasa la kwanza, nikapiga, nikakata, nikatazama, nikafuta, nikapiga tena. Niligundua kwamba kioo kinaonyesha saa pembeni, na kwamba picha zangu zikifuatana zilikuwa zinaruka kutoka asubuhi hadi jioni na kurudi asubuhi, nikaikata saa. Niligundua kwamba mshale wa kipanya ukisahaulika katikati ya picha unafunika herufi moja, nikauondoa. Nilipima ukubwa wa picha zote ziwe na upana mmoja, kama madirisha ya shule. Jirani yangu wa meza aliniuliza kama naandika mwongozo au nachumbia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Kuona neno lililokuwa sisimizi likisimama kwenye karatasi, jeusi, lenye kingo, ni raha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyeitafuta.

Ilibaki fomu ya maombi, ukurasa wa tisa, moyo wa kijitabu. Fomu tupu haikupendeza. Visanduku vyeupe juu ya karatasi nyeupe, macho hayajui yatue wapi. Nikaijaza. Dawa mseto, kumi. Sindano za kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, kumi. Dawa ya macho, kumi. Kumi, kumi, kumi, mpaka chini. Sikuwa na sababu ya kuchagua kumi zaidi ya kwamba inakaa vizuri katikati ya kisanduku. Chini ya picha nikaandika: "Jaza kama inavyoonekana kwenye picha." Nilimaanisha visanduku hivyo, kwa mpangilio huo, kuanzia juu kwenda chini. Hilo nililolimaanisha sikuliandika.

Na jaladani nikaiondoa namba yangu ya simu. Nilijiambia kitabu kinachoeleweka hakihitaji namba ya mtu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Yule mama wa duka alichapa nakala zote kutoka kwenye faili lenyewe, hakuna kopi ya kopi. Akanikabidhi akisema, "Sasa huyu ni mtu mzima." Wakubwa waliupenda. Mmoja aliuinua mbele ya kikao akasema hivi ndivyo kazi inavyofanywa, na kwa siku nzima nilitembea nikiwa nimenyoosha mgongo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kidonda hakikuwa kimeonekana bado. Nakala zilipelekwa kwa boti kabla ya ombi la masika, zile kumi zangu zikiwa ndani yake.

Simu ikakaa kimya. Nilikula chakula changu kikiwa cha moto. Nilinyolewa kichwa kizima kwa mkupuo mmoja. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ilipofika, ombi la yule muuguzi wa delta lilikuwa limeshaingia, tena mapema, halina kosa la kiufundi hata moja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu aliyekuwa ananipigia kwa kila kisanduku ameacha ghafla. Nilijua jibu: picha. Nilikuwa na furaha, na sitasema kwamba nilikuwa na wasiwasi mahali fulani moyoni, kwa sababu sikuwa nao.

Mvua zilishika. Siku moja mchana, bati la ofisi linapiga kelele hata husikii mwenzako, simu ikaita, na jina lake likatokea.

"Mwalimu, samahani sana kukusumbua. Boksi limekwisha. La pili linakuja lini?"

"Boksi gani, mama?"

"Boksi la serikali. La kumi kumi."

Nilitoka nje chini ya upenu nimsikie vizuri, nikamwambia sielewi. Akanieleza, kwa upole uleule wa siku ya uso wangu. Zamani, alipoanza kazi, zahanati hazikuwa zinaomba dawa. Dawa zilikuja kwenye boksi lililofungwa huko juu, boksi moja kwa zahanati zote, uwe na wagonjwa wengi au wachache, uwe mlimani au deltani. Huombi, unapokea. Lilipokwisha ulingoja jingine. Baadaye boksi likaondolewa, watu wakafundishwa kuomba kwa mahitaji yao, akafurahi kama wengine. Sasa alipofungua mwongozo mpya, umechapwa vizuri, kila dawa kumi, na chini pameandikwa ajaze kama inavyoonekana, alijua boksi limerudi, ila safari hii limepita kwenye kompyuta. Alishangaa. Aliguna. Akajaza kumi.

Ningeweza kusema alikosa akili, na kwa dakika moja chini ya ule upenu nilijaribu kusema hivyo moyoni. Haikukaa. Ukutani kwake, kama kwenye kila zahanati, kuna jedwali la dozi: uzito wa mtoto upande huu, vidonge upande ule. Kwenye karatasi ya aina hiyo namba si mfano wa kitu. Ni amri, na muuguzi mzuri ni yule asiyeibadilisha. Mimi nilimpelekea karatasi iliyofanana na ile, halafu nikataka aisome kama gazeti.

"Mseto ziliisha lini, mama?"

"Leo siku ya tano. Wenye homa nawapandisha boti. Wengine wanakubali."

"Na wasiokubali?"

"Nawapa ya kushusha joto, na ninawaombea."

Nilirudi mezani nikafungua ukurasa wa tisa. Ilikuwa picha nzuri. Kila kumi ilisomeka kutoka mlangoni. Niliona aibu ambayo hadi leo nikiigusa bado ina joto.

Mfamasia wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa ameziona zile kumi wakati wa kupitisha maombi. Alidhani kituo kina akiba. Nilipomweleza, alipekua maombi mengine pale pale, akapata vituo viwili zaidi vya delta vyenye kumi kumi, vyote vina wauguzi wa umri wa yule mama. Vijana wote walikuwa wameweka namba zao wenyewe. Waliokumbuka boksi ndio walionitii. Mfamasia akafunga kompyuta, akanyanyua simu, akaanza kuazima dawa kwenye vituo vya kando ya barabara vilivyokuwa na ziada. Hivyo viwili alivitafutia mtu wa kwenda. Cha tatu alinitazama.

"Picha ni zako," alisema. "Boti ya Nyamisati inaondoka kesho asubuhi."

Nikaenda na katoni mbili zilizofungwa nailoni, moja ya mseto, moja ya mchanganyiko wa vilivyobaki. Niliziweka mapajani njia nzima. Nahodha aliniambia niziweke chini, chini hapana maji, nikakataa, naye akaniacha na ukaidi wangu. Tulingoja maji yajae mahali pawili. Mahali pa pili tulingoja sana, mpaka watu wakamaliza maneno, na ndipo nilipoelewa kwa makalio yangu kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa kichwa tu, kwamba mtu anaweza kuwa na homa hapa, katikati ya mikoko, na asiwe na la kufanya ila kutazama tope.

Tulipofika gatini kulikuwa na boti nyingine ndogo imekaa upande, haijaelea vizuri, inasubiri maji kama sisi tulivyoyasubiri, ila yenyewe iondoke. Ndani yake alikaa mwanamke kijana na mtoto wa miaka minne hivi, amefunikwa kanga, macho nusu yamefumba. Muuguzi alikuwa amesimama kwenye tope hadi vifundoni, ameshika ukingo wa boti, anamwelekeza nahodha wao aingilie mkondo gani. Aliponiona na katoni hakunisalimu. Alimwambia yule mwanamke, "Shuka."

Tulipanda wote hadi zahanati, mimi nyuma na katoni zangu. Mtoto alikuwa ameshapimwa asubuhi, malaria ilikuwa imeonekana. Muuguzi alifungua katoni kwa mkasi wa kukatia bandeji, akatazama jedwali ukutani, akatoa vidonge, akaviyeyusha kwenye kijiko cha maji. Mtoto alikunywa kwa hasira. Kisha tukakaa nusu saa kuangalia kama atatapika, maana akitapika dozi inarudiwa. Hakutapika. Alilala kwenye benchi, jasho likaanza kumtoka kipajini, na mama yake akawa anamfuta kwa pindo la kanga, akimaliza anaanza tena.

Halafu akanigeukia mimi. Sisi hatukuwa tunajuana.

"Nlikuwa nishapanda boti, baba," alisema. "Mngu akulipe. Ungechelewa kidogo tu maji yangeshajaa, tungekwenda, na huko njiani sijui. Mngu akulipe kwa kutuletea dawa."

Muuguzi alikuwa anaandika kwenye rejista. Kalamu yake ilisimama, lakini hakunyanyua kichwa. Nilikuwa na maneno ya kumjibu yule mwanamke, nilikuwa nayo mengi. Nikasema amina.

Walipoondoka nilimwomba muuguzi anionyeshe mwongozo. Ukurasa wa tisa haukuwamo. Alikuwa ameukata, akaubandika ukutani kando ya jedwali la dozi, kwa plasta ya vidonda, pembe zote nne, umenyooka. Pale ukutani zilikuwa sawa kabisa, karatasi mbili za amri. Niliusoma ukurasa wangu kutoka juu hadi chini. Hakuna herufi iliyopotea.

"Na ule wa zamani, mama? Uliutupa?"

"Kitabu situpi." Akafungua droo, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko ukatoka ule wangu wa moshi. Niliupokea kwa aibu ya kujiandaa kuona uso wangu. Lakini kurasa hazikuwa za moshi tena. Juu ya kila kisanduku, pembeni ya kila mshale wa kijivu, kulikuwa na maandishi ya kalamu ya buluu, madogo, yaliyolala upande mmoja. Salio la mwanzo. Hesabu na zilizofunguliwa. Mtoto akitapika, hesabu viwili. Kila jibu nililowahi kumpa nikiwa na tonge mkononi lilikuwemo, mahali pake, kwa maneno yangu. Vile vimya vya kwenye simu vilikuwa kalamu. Nikafunua ukurasa wa fomu. Kwenye safu ya mwisho, mbele ya kiasi kinachoombwa, alikuwa ameandika: wewe ndiye unayewajua wagonjwa wako.

"Mama," nilisema, "huu ndio mwongozo. Kwa nini uliuweka droo?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini amevua viatu mlangoni. "Si ulileta mpya? Ule nilikuwa siuoni, nikawa nakuuliza. Huu naona kila kitu. Nikuulize nini?"

"Hata kama. Ulipoona zile kumi ukashangaa, ungenipigia tu."

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, ingawa haikuwa na vumbi.

"Nilitaka kukupigia," alisema. "Simu nilishaishika. Nikatazama jaladani, nikaona namba yako umeitoa. Nikasema basi, mwalimu kachoka, nisimsumbue."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa ananipa taarifa, kama alivyokuwa ananipa taarifa ya ukungu kwenye picha ya nne. Nilifungua mdomo kusema kwamba namba ilitoka kwa ajili ya nafasi, kwamba jalada lilijaa, na uongo huo ulikuwa tayari umekaa vizuri ulimini. Nikaumeza.

"Ni kweli nilichoka, mama," nilisema. "Nisamehe."

"Uchovu si dhambi," alisema. Akarudisha miwani usoni.

Nikamwomba kalamu yake, ile ya buluu. Nikaikata kumi ya kwanza ukutani, nikaikata ya pili, nikashuka safu nzima mpaka chini, naye akinishikia karatasi isichanike kwenye plasta. Juu kabisa, mahali nilipokuwa nimepaacha peupe ili picha ipumue, nikaandika namba yangu ya simu, kwa tarakimu kubwa kama mwanzo. Alisogea karibu, akainua kidole, akaisoma yote kwa sauti, moja moja, kwa ule mwendo wake, ahakikishe kwamba inasomeka.